Kodi ya F

Saa tatu usiku, sahani zikishakauka,
mume wangu Delmer huegemeza tableti kwenye kopo la kahawa
na kumwita mwalimu kwa kidole.
Mwalimu haji mara moja. Kwanza kiduara kizunguke:
mtandao hupanda bonde letu kwa miguu,
hupumzika kwa akina Stidham, hupumzika kanisani,
ndipo ubishe hodi kwetu.

Venla. Yuko Oulu, huko Ufini,
binti wa miaka ishirini na ushei,
nyuma yake dirisha, nyuma ya dirisha theluji,
na anafundisha muziki wa milima hii,
muziki ambao baba yake Delmer aliupiga barazani, miguu peku,
asimfundishe mtu.
"Utajua ukikua," alimwambia.
Delmer amekua. Ana miaka sitini na minane.
Amekwenda kuuokota Ufini
urithi uliotundikwa ukutani kwake.

"Dum kwa gumba," asema Venla, "chak kwa vidole."
Delmer humpunguza kasi hadi nusu,
na sauti ya binti inakuwa nzito, ya mlevi anayeungama:
duuum. Chaaak.
Tangu Februari naishi na dum isiyo na chak.
Paka amehamia ghalani.

Wanaziita kodi, zile sauti zinazobanwa pamoja,
na sijaona jina lililokaa mahali pake kama hilo.
Kodi ya G aliilipa. Ya C aliilipa kwa malengelenge.
Ya D alikopa, akamaliza senti kwa senti.
Lakini F! F ni mtoza ushuru mwenye buti mlangoni,
anataka vidole vyote, vizima, sasa hivi,
na Delmer hana.
Kidole cha pete, mkono wa kushoto, kilibaki mgodini
mwaka wa themanini na tisa, paa liliposhuka,
pamoja na pete niliyomvika.
Kampuni ililipa kidole. Pete haikuhesabiwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, twajua.
Na kimoja kikikosekana?
Hapo methali imenyamaza.

Usiku mmoja wa Machi alililaza gitaa juu ya kabati, kifudifudi,
kama mgonjwa usiyetaka kumtazama usoni.
Sikusema neno. Nilikunja taulo.
Alipolala, nilimwandikia binti yule mimi mwenyewe,
herufi moja, nyingine, futa, anza tena.
Sikumwomba kitu. Nilimweleza tu: kidole, paa, pete.

Wiki tatu kimya.
Kisha kiduara kikazunguka, kikazunguka,
na Venla huyo, bila salamu ndefu,
kidole chake cha pete kimefungwa plasta, kimekunjwa kiganjani.
"Somo hili ni la mtu mmoja wa Kentucky."
Akapiga F. Ikalia kama bawaba ya banda.
Akapiga tena. Mbaya zaidi.
Akacheka, akafuta pua, akasema,
"Ngojeni, nami najifunza,"
na sehemu ile hakuikata: dakika kumi na moja za kukosea,
gumba likipanda juu ya shingo ya gitaa kukanyaga uzi mnene,
mpaka, mara moja tu, nyuzi zikakubaliana.

Delmer aliitazama amesimama, kofia mkononi.
Hakuniuliza. Nami nilikuwa na mengi ya kufanya kwenye sinki.
Kisha nikasikia kiti kikivutwa.

F yake hadi leo ina kasoro:
uzi wa pili hauimbi, unakohoa.
Jana alipiga nusu ya wimbo wa baba yake,
akafika kwenye F, akakohoa nayo, akapita,
hakurudi nyuma kuomba radhi.
Dum, chak.
Paka bado yuko ghalani,
ila nimeona amesogea. Siku hizi analala upande wa mlango.